Picha ya Kumi Ilipotangulia ya Pili

Chumba cha nyuma, nyumbani
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Na Baba Mkubwa, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Huku tu wazima, ila tumechoka. Mimi hasa.

Ule ukurasa wa tovuti ulionifundisha kutengeneza kwa PHP, lugha ile ya kompyuta, wa kuwaonyesha wanafunzi wa Mama namna ya kushona blauzi, umeniletea balaa. Kila picha niliipa jina la faili: hatua1, hatua2, mpaka hatua12. Majina hayo ndiyo funguo, na kila ufunguo una maelezo yake. Nikaamuru funguo zijipange. Kumbe kompyuta inasoma jina herufi kwa herufi, haijali kumi ni kubwa kuliko mbili. Ikaiweka hatua10 mbele ya hatua2, nami sikukagua.

Picha ya pili ni ya kupima. Ya kumi ni ya kukata shingo. Umeshaona ilipofikia.

Yule binti mpya, tunayemwita Chereko kwa vile hakaukiwi kicheko, akakikata kitambaa cha mteja. Mama akawaka.

“Macho umeyaacha kwenu?”

“Nimefuata picha, Mama.”

“Picha zimekuambia ukate kabla ya kupima?”

Ndiyo, zilimwambia. Nilisema hivyo palepale, lakini sauti yangu unaijua, cherehani ziliimeza. Nilipojaribu tena, Chereko alishabeba mkoba wake kaenda.

Nikakaa kurekebisha. Kwanza nikatumia amri ya usort, ikayatupa majina yote. Picha zikapotea, yakabaki maelezo matupu. Nikataka kulia. Mwisho nikatumia uksort, inayopanga funguo bila kuzitupa, na ndani yake kanuni yangu mwenyewe: toa namba iliyo kwenye jina, linganisha namba kwa namba. Zikakaa sawa.

Nikamkabidhi Mama simu yenye mpangilio wa zamani na mpya. Akatazama picha zote, akavaa viatu, akaenda kwa kina Chereko. Akarudi peke yake. Nikajikaza nikamuuliza kama aliomba radhi.

“Nimemwambia arudi. Inatosha.”

Haitoshi, Mama Mkubwa. Yeye siwezi kumwambia, ndiyo maana nakuandikia wewe. Wewe ni dada yake, ukimpigia atasikia. Faili nimezipanga, Mama simuwezi.

Wasalimie binamu zangu wote, na Kifaranga, kitoto chenu, mumbusu. Mungu awalaze salama, nami anipe usingizi kidogo.

Ni mimi nikupendaye, hoi,
Mwanao mpole