Kipimo Nilichompa Lubna

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Leo kisiwa chetu cha Chovae kimepata wageni! Mjukuu wangu Lubna kaja na wenzake wa chuo cha kompyuta cha Kismayo. Mwalimu wao Zakir kawaambia darasani hapatoshi — kila mmoja atafute mchu wa kazi, mtu mwenye ufundi wake, amtengenezee programu ya kumfaa. Atakayefanya vizuri atapata ajira. Basi kaniona mimi! Nimejenga mashua arobaini. Haya, ishirini na tatu.

Wakauliza mashua ya dhiraa kumi na mbili, upana wa kati ngapi. Shibiri sita, nikasema. Ni nane. Lakini wenzake Lubna, Hodan na Sadiq, walikuwa wamekaa pale, na kwetu kipimo cha ubavu hakitajwi mbele ya mchu wa kando. Marehemu baba alisema wape pungufu, wapinduke wenyewe. Lubna nitamwambia wakitoka.

Hawakutoka. Wameondoka wote pamoja.

Jumamosi, 9 Novemba

Lubna kapiga simu. Programu tayari! Unaandika urefu, yenyewe inakupa vipimo vyote. Kaipa jina langu, Fumo. Nimejigamba barazani mpaka koo limekauka.

Ile sita sikuitaja. Si mchezo tu wa simu?

Jumanne, 12 Novemba

Si mchezo. Mukhtari, mfanyabiashara wa mjini, anajenga mashua kwa programu hiyo, ya kubeba abiria. Ikielea, Lubna anaanza kazi kwake. Na fundi nani? Tahir, fundi wa vitanda! Ati programu inajua yote.

Nikisema, Lubna ataonekana hakuhakikisha, na mimi mwongo. Nikinyamaza... watu watakaa ndani ya mashua ile. Nimejifungia chooni kufikiri. Mke wangu Mwanapili kagonga: "Wewe, umezaa huko?"

Jumatano, 13 Novemba

Asubuhi. Simu iko pajani, sauti kubwa, naandika huku nasikiliza. Wote wako kwa Tahir.

Lubna anasema: "Babu, tutilie baraka, mbao zinakatwa sasa."

Naandika hili badala ya kumjibu.

Hodan anacheka, ananiita babu kwa Kisomali: "Awowe kalala!"

Zakir anauliza kama vipimo vimehakikiwa. Lubna anajibu haraka: "Ni vya babu yangu, mwalimu. Babu hanidanganyi mimi."

Msumeno umewaka.

"Ngojeni!" nimesema. Nimepiga kelele, Mwanapili kaja mbio.

Msumeno umezimwa. Hata Hodan hacheki.

"Tungoje nini, Babu?"

"Upana wa kati ni shibiri nane, Lubna, si sita."