Shemeji Amesema

Mumbuni, Machakos

Kaka Athumani,

“Mtu mzima mwenye sukari hatembezwi kama punda. Ameze dawa, aache sukari kwenye chai, apumzike.” Ndivyo ulivyomwandikia mume wangu. Kabla sijakusalimu nakwambia: si kweli.

Sasa nakusalimu. Mama hajambo? Miguu yake imepungua kuvimba? Sisi tupo, ila siwezi kusema tu wazima.

Kaka, tatizo haliko kikombeni. Daktari alinieleza, nami nikatafuta vitabu nikasoma mwenyewe. Mwili wa Baba Zuhura bado unatengeneza insulini, lakini misuli yake haiisikii vizuri. Insulini inabisha hodi, sukari inabaki nje, kwenye damu. Misuli ikifanya kazi, husikia. Ikikaa siku chache bila kazi, inaanza tena uziwi wake. Dawa anameza, wala sijamkataza. Lakini kiti si dawa.

Aliponikubalia kutembea, kila siku alikwenda dukani kwake kwa miguu na kurudi kwa miguu, akihema kwenye kilima chetu. Alipopimwa, sukari ilikuwa imeshuka. Nikathubutu kufurahi. Lakini huku, mwenye gari akikuta mtu anayemjua njiani lazima asimame, na kukataa lifti ni kumdharau. Siku moja tuko pamoja, jirani mwenye pikapu akasimama.

“Mzee Musa! Duka imeanguka mpaka unatembea?”

“Hapana, niko na sukari. Daktari amesema nitembee.”

“Mgonjwa na anatembezwa? Ingia bwana, usinitukane!”

Akaingia. Jirani akanichungulia dirishani: “Mama Zuhura, wewe tembea ya nyinyi wawili!” Wakaondoka wakicheka.

Nilimgombeza, nikambembeleza, akaanza upya. Ndipo ikaja barua yako. Akaikunja taratibu, akaitia mfukoni. “Shemeji amesema.” Basi. Mimi ninayelala naye nyumba moja ni kelele tu. Wewe uliye Mombasa ndiye hakimu.

Siku hizi pikapu humchukua mlangoni, humrudisha mlangoni. Anakaa kwenye stuli mpaka magharibi, anakunywa chai isiyo na sukari kwa majivuno, na chapati tatu pembeni. Sukari imepanda kuliko mwanzo. Juzi nilipomvua soksi nilikuta msumari mdogo wa dukani umemwingia kidoleni, damu imeganda, naye hakuhisi kitu. Alinitazama kama mtoto. Daktari anakisafisha kidonda; sukari, kasema, imeanza kuua hisia za miguu. Kikifunga, anasema, arudi kutembea. Atarudi? Sioni dalili. Nimechoka kubishana na mtu ambaye mji mzima unamhurumia.

Msalimie wifi yangu mkeo, na shangazi yetu wa Kisauni, mwambie kanga zilifika.

Na wewe, Kaka, pamoja na Mama, kwa kuwa hakuna wengine anaowasikiliza: mwandikieni wiki hii hii. Kwa mkono wako, andika kwamba ulikosea. Usimtumie pole. Mwambie asimame.

Mdogo wako,
Mwanaisha