Kuchuchumaa kwa Mzee Lewa

Jumatatu, 4 Agosti

Kadii amenipa tarehe! Jumamosi ya tarehe 23 nikaonane na baba yake, Mzee Lewa, kule Ganze. Halafu akaniambia lililobaki: kwao anayeposa hupokea kata ya pombe ya mnazi akiwa amechuchumaa, nyayo zote chini, na hainuki kabla ya baba. Ukiinuka mapema umedharau nyumba — urudi kwenu bila mke. Eti ni kuchuchumaa tu. Tu! Mimi fundi cherehani, maisha yangu yote ni kitini. Nimejaribu nyuma ya kibanda. Visigino vikagoma, nikaangukia beseni la nguo za jirani. Matusi niliyopata!

Jumatano, 6 Agosti

Kliniki, kwa Jedida, tabibu wa viungo. Kasema nilegeze mguu. Nimelegeza! Akausukuma wayo — wapi. Nikaapa kwamba sikazi. Akacheka: anajua, msuli umelala, ila hata ukilala una nyuzi zake za ndani, na utando unaoufunika, na hivyo ndivyo vinavyokataa kuvutwa. Ala! Koti laini, bitana ngumu. Angesema hivyo mapema. Nivute polepole, nitulie hapo hapo, nisirukeruke.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerukaruka. Shavu la mguu limevimba. Ibada nzima nimesimama, mchungaji akadhani nimeguswa na Roho.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimeshuka! Nyayo chini! Ila nimeshika nguzo. Kadii anasema kwao hakuna nguzo. Nampenda huyu mwanamke, jamani. Nimkose kwa sababu ya kifundo cha mguu?

Jumamosi, 23 Agosti

Ganze. Naandika nimelala mkekani.

Nilichuchumaa. Mzee naye akachuchumaa mbele yangu, tukapokezana kata mpaka ikaisha. Sasa inuka basi, mzee! Wapi. Akauliza habari za kwetu Mtwapa. Akauliza za mvua. Akauliza tena za Mtwapa. Jasho linanitiririka, nikajua huyu hanitaki, anangoja nishindwe. Mashangazi wa Kadii nao wanasifu: kijana ana adabu huyu!

Mwishowe akaninong'oneza. "Mwanangu, goti limekataa. Nivute, wasione."

Mwanangu! Tangu asubuhi nilikuwa "mgeni".

Nikamvuta. Tukaanguka wote wawili, chali.

Sasa mashangazi wako ndani wanabishana, eti nyumba imedharauliwa au haikudharauliwa. Sauti zinapanda. Kadii anatukanda miguu kwa mafuta ya nazi, mimi na baba yake, kwa zamu. Mzee kanivuta sikio: harusini, viti.