Chupa Aliyoleta Patrick

Jumapili, alfajiri. Bellevue.

Kosa la wengi ni kudhani divai nyekundu nzuri lazima iwe nyeusi. Jana Patrick, anayemposa binti yangu Neema, alituletea wazee chupa ya Nebbiolo, zabibu ya Italia. Mdogo wangu Zabuloni alipoimimina tu, akaangua kicheko.

"Eish, kaka! Mkwe katutilia maji."

Nilimweleza taratibu kwamba zabibu hiyo ni sumbufu kulima na huchelewa kuiva, na divai yake huwa na rangi hafifu ingawa ina nguvu. Ikiwa changa hukaza ufizi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Ikilala miaka mingi hulainika, na ukingo wake kwenye glasi hugeuka rangi ya tofali.

"Basi kijana amenusurika," akasema, akajiongezea.

Mimi sikutulia. Patrick alikuwa ametuapia, "Papa, hii imelala tangu Neema azaliwe." Lakini ukingo ulikuwa mwekundu mbichi, na ulimi ulinikauka kama nimetafuna ganda la ndizi. Hiyo ni divai ya juzi.

Sijamwambia mtu. Labda muuzaji huko mjini alibandika lebo ya uongo. Labda ni yeye mwenyewe… Anayedanganya wakwe siku ya posa, atamwambia nini mkewe?

Ila nikimhukumu kwa glasi moja, nitakuwa nimefanya kama Zabuloni. Leo nitampigia Patrick nimwulize aliinunua wapi.