Ngozi ya Bikizee

Chumba cha juu,
Nyumba ya fundi cherehani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Ni mimi Kasuku wako, na mkweo aliye hapa kando yangu akimenya viazi naye anasema shikamoo. U mzima huko? Goti limepoa, au baridi ya ghala bado inakukumbusha kila asubuhi kwamba umri umekwenda? Sisi hatujambo. Mama naye hajambo, ila kikohozi cha kuja na kuondoka, nacho hakimzuii kusema.

Mjomba, ndoa tamu! Sijui kwa nini watu hawakuniambia. Mpaka leo nikimsikia anapanda ngazi moyo unanidunda kana kwamba ndiyo kwanza anakuja kunichumbia. Mpiga ngoma hata ngazi hapandi kimya, na asubuhi huniamsha kwa kugonga vidole kwenye ubao wa kitanda, polepole, mpaka nicheke. Fundi wa chini anatutania, "Nyie maharusi, asali yenu inadondokea vitambaa vya wateja." Acha idondoke.

Siku ile ya harusi ulipopiga simu ukasema ngoma zako zilizokuwa kwa Mama sasa ni za mume wangu, mwanamume mzima alikaa sakafuni na suti yake mpya. Tulizipanga karibu na dirisha: ile kubwa ya kukanyaga, zile ndogo, matoazi, na mkono wa kulia ile nzito, Bikizee mwenyewe, na ngozi yake ya mbuzi uliyoiwamba ukiwa kijana, Bibi akikushikia ukingo. Mume wangu alimpenda kuliko zote. Alisema ngoma nyingine zinapiga kelele, Bikizee anazungumza, kwa sauti yake ya kukwaruza.

Ninalotaka kukwambia linamhusu Bikizee, na ndilo limenifanya nizunguke hivi.

Bendi ya mume wangu hupiga kwenye harusi na sherehe za maofisi, na siku hizi watu wanataka sauti wanazozisikia redioni: makofi ya umeme, besi ya kutikisa vikombe mezani. Ngoma zetu hazitoi sauti hizo. Mwimbaji wao, ambaye wote wanamwita Meneja ingawa hana hata meza, akasema itafutwe mashine ya ngoma, isaidiane na hizi za kawaida.

Tukaenda dukani tumeshikana mikono. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akatutolea mbili. Ya kwanza ilikuwa ubao wenye pedi za mpira, unaosimama kando ya ngoma kwa mguu wake wenyewe na kupigwa kwa fimbo zilezile. Ya pili ilikuwa kisanduku chenye nyaya. Kila waya una kihisi unachokibana kwenye ukingo wa ngoma kikagusa ngozi, na ukiipiga, ngoma inalia kwa sauti yake na mashine inalia papo hapo pamoja nayo.

Tulisikiliza kwa hedifoni moja, sikio lake na sikio langu. Mume wangu aliitaka ya kwanza. "Hii inatosha," alisema. "Ngoma zibaki ngoma."

Mimi nilikuwa nimeshayeyuka kwa ile ya pili. "Yaani Bikizee akae anaangalia mwenzake akiimba? Hapana, mpenzi. Waimbe pamoja. Kama sisi."

Muuzaji akashusha miwani. "Bibi harusi, mimi nauza mashine tu, ndoa mmeshafungia kwingine. Huyo Bikizee ana ngozi gani?"

"Ya mbuzi," mume wangu akajibu.

"Basi chukueni ya kwanza. Hivi vihisi vimezoea plastiki iliyokazwa."

Sikumsikiliza. Nilimtazama mume wangu tu, yale macho, nawe unajua mwanamume aliyeoa juzi akitazamwa hivyo hufanya nini.

Nyumbani tuliunganisha kisanduku na spika, na zile ngoma zenye ngozi za plastiki zikakubali mara moja. Bikizee akagoma. Ngozi yake ni laini, na mashine ikawa haimsikii. Mume wangu akasema, "Tumwache, hizi nyingine zinatosha." Nikasema akaze kidogo. Akakaza. Mimi nilikuwa nikimgonga Bikizee kwa kidole na kutega sikio kwenye spika: "Bado. Kidogo tena. Bado, mpenzi, kidogo tu." Mpaka ikasikia! Nikamrukia shingoni kwa furaha.

Tukaenda kunywa chai. Wewe ulikuwa huondoki kwenye ngoma ile kabla ya kulegeza skrubu zake, hata kama nyumba inaungua. Sisi tulimwacha vile vile, amekazwa, na jua la mchana linaingia dirishani. Nikasikia mlio kama wa nguo inayochanwa, nikadhani ni fundi wa chini yuko kazini. Na mashine, tuliyokuwa tumeiacha inawaka, ikapiga makofi.

Mjomba, sitayasahau makofi yale.

Tangu darasa la tatu nimeimba methali ya ngoma ivumayo sana kupasuka. Lakini Bikizee hakuvuma. Alikuwa amekaa kwa adabu yake, mimi ndiye niliyemlazimisha.

Mama alipokuja alipitisha kidole ukingoni, pale Bibi alipokuwa ameshika. Akasema, "Hata nyie mnaolala kitanda kimoja, kila mtu si ana mto wake?"

Muuzaji alikubali tubadilishe. Hakunisimanga, aliuliza tu, "Bikizee hajambo?" nami nikajifanya nahesabu nyaya. Sasa ule ubao wa pedi umesimama upande wa kushoto, haumgusi mtu, na kazi inakwenda vizuri. Meneja amefurahi mno. Mume wangu amezipitia sauti zote nzito za ubao akitafuta inayofanana na ya Bikizee. Hakuna. Zote zina koo safi. Meneja akashauri tumvike Bikizee ngozi ya plastiki, mume wangu akamwambia, "Hilo si langu kuamua." Hajanilaumu hata kwa jicho, na ndivyo ninavyoumia zaidi.

Ile ngozi iliyopasuka nimeifunga kwenye shela langu la harusi, nimeiweka kabatini. Mama alitaka tusikwambie mpaka uje likizo. Nami karibu nimkubalie, ila nikakuona akilini umeingia mlangoni, hujavua hata koti, umekaa kwenye kiti cha ngoma, na kama kawaida yako mkono wa kulia unakwenda kwa Bikizee kabla hujasalimia mtu. Sikutaka mkono wako upate habari kabla yako.

Nisamehe, Mjomba. Ukija, na kama moyo wako utakubali kuwamba ngozi nyingine, nitakushikia ukingo. Sijui kama nitaweza kushika kama Bibi. Ila Kasuku wako atanyamaza mpaka ngozi ikauke, hilo naliahidi.

Nisalimie Shangazi na mapacha, uwaambie picha za harusi zinakuja. Msalimie na yule mwenzako wa ghalani anayekuchekesha. Mkweo anakusalimu sana. Ameacha viazi, ananishika bega. Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akulainishie goti, akurudishe kwetu mzima.

Wako akupendaye kwa moyo wote, na leo kwa moyo uliovunjika kidogo,

Mpwa wako,
Kasuku