Maziwa Yaliyomtangulia Refa

Munyaka,
Eldoret.
16 Juni 2025

Mpendwa dada Jerop,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Tyson, na kwamba baridi ya Leeds imewapa nafuu kidogo. Mgongo wako unaendeleaje? Nasambu, mwenzako aliyekuja likizo, alituambia kwamba kule kazini sasa mmeletewa mashine ya kuwainua wale wazee kitandani, nikafurahi sana, maana mara ya mwisho tulipoongea mgongo ulikukataza hata kuketi. Sisi huku tu wazima. Mvua ilichelewa lakini ilipokuja ikaja kwa moyo wote, na mahindi sasa yananifika kiunoni.

Mama yuko sawa kule Timboroa. Bado anakataa kuja kukaa na sisi, anasema mjini kuna kelele na maji yetu hayana ladha. Nilimpelekea blanketi lako. Akalipokea, akalikunja vizuri, akalifungia kabatini kwa ajili ya wageni. Unamjua.

Sasa nije kwa lile jambo. Najua Collins ameshakutumia ile video. Mtoto niliyemzaa mwenyewe ndiye aliyenirekodi na kunisambaza, na hapa mtaani vijana wa bodaboda wananiita Mzee Mursik. Najua pia ulicheka, kwa sababu ulinitumia zile sura za kucheka mpaka machozi, mstari mzima. Sikukujibu. Nimeona afadhali nikuandikie kwa mkono, Nasambu akubebee akirudi huko, kwa sababu kwenye simu ungecheka tena, na mimi ningecheka nawe, na mambo yangeishia hapo. Ile video inakatika pale ninapoanguka. Haionyeshi kilichofuata, na mimi naona aibu kukaa na jambo ambalo mama wa mtoto halijui.

Binti yako Jemutai alipokuambia kwamba chuo chao kitawapokea wasichana wa mieleka wa chuo kimoja cha Kisumu, ulinipigia ukaniomba nisimame mahali pako. Ukasema nichukue kibuyu chako ulichoniachia ukiondoka, nigandishe maziwa yawe mursik, na akishinda nimnyweshe kwa mkono wangu kama ambavyo ungefanya wewe. Tangu baba yake alipotuacha hujawahi kuniomba jambo kubwa kuliko hilo. Nililichukua kwa uzito. Nilitafuta mkaa wa mti wa senetwet mpaka nikaupata kwa mama mmoja sokoni, nikakisugua kibuyu ndani mpaka kikanukia kama jikoni kwa Mama. Siku yenyewe nilivaa koti langu la harusi za watu.

Walipambana katika ukumbi wa kulia chakula. Meza zilikuwa zimesukumwa ukutani, na katikati wakatandika mkeka wa buluu, mnene kama godoro. Niliketi na Habiba, yule mwenye duka la vitambaa, ambaye binti yake Hafsa yuko timu moja na Jemutai. Habiba hakosi mchezo hata mmoja. Alinieleza kwamba wasichana wanakutana mmoja mmoja kufuatana na uzito, na kila anayeshinda anakiletea chuo chake alama. Ukimzidi mwenzako mpaka muda uishe, alama tatu. Ukimlaza chali na kumbana mabega yote mawili chini, mchezo unakatika hapo hapo, alama tano. Nikamwambia nimeelewa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Tangu shule ya msingi mimi ni shabiki wa riadha, hakuna mbio za mji huu zilizonipita bila mimi kusimama pale kwenye utepe, basi nikaona mchezo ni mchezo.

Nilishangilia, dada, hilo sikatai. Hafsa alipomtupa msichana wa watu kwa bega lake, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na Habiba akawa ananitazama kwa upande. Kisha akaingia Diana, kapteni wao, akashindwa kwa kidogo sana. Alitoka amejifunika uso kwa taulo. Habiba akaniambia huyo anamaliza chuo mwaka huu. Chuo kitakachoshinda siku hiyo ndicho kitakachoenda Nairobi kwa mashindano ya taifa, na Diana hajawahi kufika huko.

Lilipobaki pambano la mwisho, la Jemutai wetu, Kisumu walikuwa mbele kwa alama nne. Hesabu hiyo hata mimi niliiweza. Akileta tatu, tumepoteza. Akibana mabega, Diana anaenda Nairobi.

Ungemwona binti yako! Yule mtoto aliyekuwa akiogopa kuku ameota mabega, na anasimama ameinama kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Msichana wa Kisumu aliitwa Aloo, mrefu, mtulivu, hana haraka. Walisukumana vichwa kwa muda mrefu. Halafu Jemutai akaingia chini, akanasa mguu, akainua, akageuza, na Aloo akafika chini kwa mgongo. Ukumbi wote ukasimama. Refa akajitupa kwa tumbo, shavu likakaribia kugusa mkeka, anachungulia mabega. Mimi nikaona mgongo uko chini. Kwangu hapo utepe umekatwa. Nikanyakua kibuyu.

Habiba alinishika koti. Akaniambia, "Mzee, ngoja. Refa hajapiga mkono chini."

Nilimsikia. Watu wanadhani sikusikia kwa sababu ya kelele, na mimi nimewaacha waamini hivyo, lakini wewe nakwambia nilimsikia vizuri. Nikajiambia huyu mama ataniambia nini kuhusu kushangilia, mimi mtu wa Eldoret. Nikajinasua. Niliingia kwenye mkeka na viatu vyangu, nafungua kifuniko huku nakimbia, namwita Jemutai kwa jina lake la utotoni. Maziwa yakaruka, nikayakanyaga, nikaanguka kwa makalio karibu na miguu yao. Video inaishia hapo.

Bega moja la Aloo lilikuwa bado juu. Habiba anasema lilibakiza upana wa kidole. Refa alilazimika kupuliza filimbi na kusimamisha kila kitu, na Jemutai akalazimika kumwachilia mtu ambaye tayari alikuwa amemmaliza. Wakaanza kutafutwa wa kupangusa. Maziwa yenye vumbi la mkaa hayatoki upesi, na muda wote huo Aloo alikuwa ameketi anavuta pumzi, anapewa maji. Jemutai alipiga magoti akipangusa kwa jaketi lake la timu. Nilipoinama nimsaidie, alisema bila kuinua macho, "Uncle, toka tu." Askari wa chuo akanishika mkono akanipeleka mlangoni, na mvi zangu hizi.

Walianza upya wakiwa wamesimama. Jemutai alishinda, tena kwa mbali, lakini Aloo hakugusa tena chini kwa mgongo. Alama tatu. Tulipoteza kwa moja, na hiyo moja ni yangu.

Nikiwa pale mlangoni niliona jambo ambalo siwezi kulisahau. Kibuyu chako kilikuwa pembeni, hakikuvunjika, na ndani yalibaki maziwa kidogo. Jemutai alikiokota. Akakipeleka kwa Aloo, akampa kwa mikono miwili, akamweleza kwamba chuo chao kimeshinda, na huku kwetu aliyeshinda hunywa. Aloo akanywa, akakunja uso kwa ule ukali, akapitisha kwa wenzake, wakacheka, wakamshukuru. Jemutai alifanya kila kitu vile ungefanya wewe. Kisha akamrudishia Collins kibuyu, mimi akanipita. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake nilikwenda kumwomba Diana msamaha. Alinivutia kiti, akaniambia ni sawa, Mzee, ni mchezo tu. Macho yake yalikuwa yamevimba. Afadhali angenitukana. Jioni Jemutai akanipigia. Hakupandisha sauti. "Uncle, usikuje tena kwa michezo yetu. Tafadhali." Ile tafadhali ndiyo iliyoniumiza. Nilimwambia nimekubali, na nikawa nimepoteza mahali pako ulipoomba nipashike.

Jumamosi iliyopita wasichana wa Kitale walikuja kwa mchezo wa kirafiki. Nilimdanganya Mama Collins kwamba naenda kununua chakula cha kuku. Sikuingia, dada. Nilisimama nje chini ya dirisha la ukumbi, karibu na mapipa ya jikoni, kama mwizi, nikafuatilia kila kitu kwa masikio. Nimejifunza sasa. Unasikia mwili ukianguka, unasikia watu wakilipuka, na unajua bado. Unangoja kofi la refa kwenye mkeka. Kofi likisikika, filimbi inafuata, basi, imeisha.

Walipomwita Jemutai nilishika bomba la maji ya mvua kwa mikono yote miwili. Kukawa kimya, kisha kishindo, kisha kelele zile zile za siku ile, na miguu yangu ikataka kuondoka yenyewe. Nikaendelea kushika bomba. Nikangoja, nikangoja. Ndipo refa akapiga.

Jemutai alitoka baadaye kupunga hewa, jasho likimtiririka, akanikuta pale kati ya mapipa. Nilianza kujitetea kwamba sikuingia, sikuvunja agizo lake. Aliniacha nimalize. Akaniuliza kama nilisikia refa akipiga. Nikamwambia nilisikia. Akakinga mikono yake miwili mbele yangu, kama alipokuwa mdogo.

"Basi sasa imeisha, Uncle. Maziwa iko wapi?"

Dada, sikuwa nayo. Kibuyu chako kilikuwa nyumbani juu ya kabati, nimekigeuza upande wa ukutani ili nisikitazame. Mtoto wako alikuwa amesimama mbele yangu amekinga mikono, ameshinda, ameniita, na mimi sina kitu. Niliishika tu ile mikono. Ilikuwa ya moto. Akacheka kidogo kwa pua, akarudi ndani kwa wenzake, nami nikaenda kununua chakula cha kuku ili nisiwe mwongo mara mbili.

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue kutoka kwangu. Ukiona mtu mwingine anafaa kushika mahali pako, sitakasirika. Lakini nakuomba usimtafute bado. Kuna mchezo mwingine mwezi ujao, na Jemutai mwenyewe ndiye aliyenitumia tarehe. Hakuongeza neno lingine, ni tarehe tu, na nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Mama anakusalimu na anauliza lini utakuja umsukie nywele. Mama Collins na Collins wanakusalimu, ingawa huyo wa pili hastahili kusalimu mtu. Habiba pia anakusalimu. Nilimwomba radhi, akanipimia kitambaa cha suruali mpya, maana ile ya siku ile imebaki na doa la mkaa pale pa kukalia. Mwambie Tyson mjomba wake anamkumbuka, na asiangalie ile video tena. Mungu akutunzie mgongo huo na mikono yako, na siku moja akurudishe ukae mwenyewe kwenye kiti ninachokushikia.

Ni mimi ndugu yako, anayekupenda na kukuonea haya,

Kipkirui

Kibuyu nimekishusha jana na kukipaka mkaa upya. Nitakaa nacho mapajani, kimefungwa, na Habiba amekubali kunishika koti.