Foleni ya Pinki

Jumatatu, 3 Machi

Wamekubali! Msimamizi wa ukumbi wa maonyesho amenipigia mwenyewe. Picha zangu zote zinaingia — basi la zambarau, teksi yenye midomo badala ya bampa, hata ile foleni kubwa ya pinki. Nimeruka mpaka nikamwaga kopo la rangi. Sakafu imegeuka rangi ya chungwa. Potelea mbali!

Mama akaja mbio kuona kuna nini. Nikamweleza. Akauliza, watu watoke makwao kwenda kutazama foleni, na foleni ipo hapo nje bure? Nimecheka. Lakini imenichoma.

Alhamisi, 6 Machi

Redioni asubuhi. Mtangazaji kanitangaza: Domokaya, mchekeshaji wenu, sasa anachora — njooni mvunjike mbavu! Hata wenzangu wa jukwaani wananiuliza mzaha wenyewe uko wapi.

Hakuna mzaha jamani! Kutoka shoo hadi shoo, mji huu nimeujua kupitia dirisha la gari. Nilichokiona ndicho nilichokichora. Basi.

Jukwaani wasipocheka, nimekwisha. Jumamosi, siku ya ufunguzi, wakicheka, nimekwisha.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika chooni, hapa hapa ukumbini. Mlango nimeufunga. Lazima niandike, la sivyo nitapasuka!

Wameingia wakicheka, kweli. Halafu kicheko kikaisha chenyewe. Mwanamume mmoja kamvuta mkewe hadi kwenye basi la zambarau: si ndilo lile lililotuzimikia siku ya mvua, tukajuana? Mke kashika mdomo. Wageni wanaonyeshana mitaa yao. Vibandiko vyekundu vya "imeuzwa" vinabandikwa kila ukuta. Mimi! Domokaya!

Kisha Mama. Kaja na gauni lake la kuendea harusi, mkoba kaubana kwapani. Kapita picha zote, akasimama kwenye foleni ya pinki. Kasimama weee. Kuna mwanamke pichani, kiti cha nyuma cha gari moja, kaegemeza kichwa kioo­ni, viatu kavivua.

"Umenichora bila kuniambia," akasema.

"Mama, huyo ni mtu tu."

"Mtu tu! Miguu yangu siijui? Nikitoka kazini ndivyo nilivyokuwa." Kagusa fremu. "Kumbe ulikuwa unaniona, mwanangu."

Nikampokea mkoba.

Hapo hapo tajiri mmoja mwenye hoteli akaja, anaitaka picha hiyo hiyo, aitundike mapokezi. Msimamizi kashatoa kibandiko. Mama akavuta kiti, akakaa mbele ya picha: hii ina mwenyewe.

Sasa msimamizi anagonga mlango. Nitoke, nikaamue picha ni ya nani — mwenye hoteli habanduki, mama yangu habanduki, na watu wamejaa kusikiliza.

Kusikiliza nini? Nimetega sikio. Ni Mama! Anamweleza yule tajiri gari baada ya gari, hili linakwenda wapi, lile dereva wake kakasirikia nini, kwa sauti kubwa, kama vile kachora yeye. Na ukumbi mzima kimya.

Anagonga tena. Asubiri kidogo — Mama hajamaliza.